Wanawake wa Nyanda za Juu Kusini wanaotunga, kufinyanga na kusuka: mbona kazi zao hazina majina?

Alto wa Forest (mwanzisha uzi)

Kamwene wana Iringa na Njombe, ugonile walio Rungwe na Kyela, na wengine wote habari za jioni.

Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, leo naliweka hapa. Ni refu, asiye na nafasi aweke alama arudi usiku na chai yake, baridi ya huku si ya kuchezea.

Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama hapa Mbeya mjini. Nimezaliwa Kihesa, Iringa, kwetu ni Walutheri. Nimeolewa kwa Wamoraviani. Nimeimba usharikani na nimeimba ushirikani, kwa hiyo ninachokisema nimekiona pande zote mbili. Nyimbo nyingi za kwaya zetu zinatungwa na wanawake. Sisemi zinaimbwa, hilo kila mtu analijua. Zinatungwa. Mama anakuja mazoezini na kipande cha sauti alichokiokota akipalilia viazi, au akiwa hospitali anauguza. Anakiimba mara mbili tatu, wenzake wanakidaka, sauti ya tatu inajitafutia njia, ya nne inaingia chini, na mwalimu kwenye kinanda anaweka kila kitu mahali pake. Wimbo ukirekodiwa, chini ya video utakuta jina la kwaya, jina la mwalimu, studio, mpiga kinanda, mpiga picha, hadi aliyeshona sare. Yule mama hayumo.

Nikaanza kuangalia na kazi nyingine za wanawake wa ukanda wetu, nikakuta ni hivyohivyo. Nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya ukaulize chungu kile chembamba chenye michoro myeupe na wekundu wa udongo kafinyanga nani. Utajibiwa, cha Wakisi. Uliza kikapu: cha Iringa. Vitambaa vya altare vilivyodariziwa misalaba na zabibu: vya masista. Kabila lipo, mkoa upo, shirika lipo, mtu hakuna. Wakati huohuo kuna mtindo mzima wa kuchora, unaojulikana duniani kote, unaoitwa kwa jina la mwanamume mmoja wa kutoka Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, na wanaofuata mtindo wake kila mmoja anasaini pembeni mwa picha. Heshima zake marehemu nampa. Ila nauliza.

Na mtu asije akasema naipiga vita dini. Kanisa ndilo lililotufundisha. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka uleule, 1891, na baada yao zikaja nyimbo za sauti nne, solfa na matarumbeta. Bibi mkwe wangu hakuvuka darasa la nne, lakini ukimwandikia do re mi ubaoni anaimba palepale, hasubiri kuimbiwa kwanza. Asubuhi ya Pasaka, giza halijaondoka, Wamoraviani wako makaburini na matarumbeta yao wanangoja jua; anayetaka kujua wanawake wa huku wanavyoimba aende siku hiyo, asisubiri tamasha. Wanatunga kwa sababu wana pa kuimbia na wana watu wa kuimba nao. Mwanamke mwenye sauti asiye na kwaya, kwa maisha ya huku kwetu, sauti yake inaishia kubembelezea wajukuu.

Basi ubaya uko wapi jina lake likiandikwa? Na ninyi mnaojua vyungu, vikapu, kaswida, ushonaji, kwenu mambo yakoje? Karibuni.

Mzee wa Sauti ya Nne

Mama Alto, salaam. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nilianza wakati solfa inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa shule ya Jumapili, kwa hiyo hapa nimeguswa na lazima nijibu.

Kipande cha sauti si wimbo. Mama analeta mistari miwili ya kiitikio, tena mara nyingi imefanana na tenzi fulani tunayoijua wote. Anayekesha kuandika beti, kuoanisha sauti nne, kuwatafutia sauti ya kwanza mahali wasipopasuka koo, kuwaambia sauti ya tatu kwa mara ya hamsini kwamba hapo ni fa wala si so, ni mwalimu. Na mwalimu huyo halipwi. Nauli yake mwenyewe, betri za kinanda zake mwenyewe, mvua ya Mbeya yake mwenyewe.

La pili, wimbo wa kanisani ni sadaka. Ukitoa noti kwenye kapu huandiki jina lako juu yake. Nimeona kwaya zikivunjika kwa kugombea nani aimbe solo. Ukiongeza na nani katunga, hatutabaki na kwaya, tutabaki na kesi kwa mchungaji.

Alto wa Forest

Mwalimu, shikamoo. Kazi yako naijua na siipunguzi hata nusu. Lakini kwenye sadaka umenipa pa kushika. Sadaka ya ahadi kila Mkristo ana bahasha yake, ina jina na namba, na mwisho wa mwaka orodha inasomwa: waliomaliza, waliobakiza, na ambao hawajaanza. Hapo jina halijawahi kuitwa kiburi.

Na Luther mwenyewe alitunga nyimbo. Hakuna Mlutheri asiyejua zipi ni zake.

Ndaga Fijo

Hahaha, bahasha! Mwalimu ajibu haraka kabla mhasibu hajafika humu. Naweka kiti mbele.

Binti wa Lyulilo

Jamani, mmewataja Wakisi, watu wa Ziwa Nyasa, ngoja niseme, maana ni kwetu. Mama yangu anafinyanga, bibi alifinyanga. Mimi niko Dar nafanya hesabu za watu.

Kwetu gurudumu hakuna. Udongo unakaa juu ya kigae, mama anakizungusha kwa mkono mmoja na kuupandisha ukuta wa chungu kwa mkono wa pili. Kikishikamana kinakwanguliwa mpaka kinakuwa chepesi, kinasuguliwa kwa kijiwe laini cha ziwani hadi kinang'aa, kinapata udongo mwekundu na michoro myeupe, na kinachomwa kwa moto wa wazi, si kwenye tanuri. Ukikigonga kwa kucha kinalia. Cha kijiji cha Ikombe kinakuja kwa mtumbwi, ndani ya mtumbwi vimepangwa mpaka juu, na Jumamosi ndiyo soko la Lyulilo, pale karibu na Matema, safu ya Livingstone inakuangalia mgongoni.

Sasa, dada Alto, unaposema hazina majina, kwetu si kweli yote. Pale sokoni majina yapo. Mama akishika chungu anapitisha dole gumba ndani ya mdomo wake, anageuza, anasema hiki cha mama fulani wa Ikombe, kile cha bintiye, bado ana haraka. Hajaambiwa na mtu. Anajua mkono. Michoro nayo haijatoka hewani, kila nyumba ina namna yake ya kuvunja mstari, na ukiiga ya jirani utasemwa kisimani mpaka uache. Jina linapotelea kwenye lori. Likishapanda Tukuyu, kwa muuzaji wa Mbeya vyote ni "vya Wakisi" na bei moja, cha fundi na cha mwanafunzi.

Na umeuliza imani. Mama anaimba akifinyanga, nyimbo za kanisani tu. Wa polepole anaunyanyulia ukuta, wa haraka anasugulia. Nilipokuwa mdogo nilijua chungu kimefika wapi kwa kusikiliza tu nikiwa jikoni.

Mlulu

Kamwene. Mimi niko kwenye kikundi cha kusuka Iringa vijijini, nitasema ya vikapu.

Milulu, majani tunayosukia, inaota mabondeni penye maji. Inakatwa, inachanwa, inaanikwa. Ya rangi inachemshwa na rangi ya dukani kwenye sufuria ambayo haitapikiwa tena, ole wake mkwe aitumie kwa bahati mbaya. Wakati wa kilimo hakuna anayekaa kusuka. Kazi inakolea mahindi yakishaingia ndani. Tunakutana kwa mwenzetu mmoja, tunaanza na sala, hisa za VICOBA zinahesabiwa, kisha mikono inaanza na mdomo unaimba. Bibi zetu walisukia kubebea unga na nafaka, vikapu vya kazi. Michoro tunayoweka sasa mingine ni ya zamani na mingine ametunga mtu juzi, na wote tunajua nani. Mwenzetu mmoja amebuni mstari wa ngazi unaopinda ukifika tumboni mwa kikapu. Mwaka huohuo ukasukwa na kijiji kizima. Yeye anacheka, anasema ni baraka.

Kikapu kikifika mjini kinawekwa mikanda ya ngozi, kinapigwa pasi, kinawekwa lebo. Lebo ina jina la duka. Nimekiona kimoja cha kikundi chetu Dar, nimekitambua kwa kitako chake, bei imeruka mpaka nikaogopa kukishika.

Hata hivyo si kote. Pale Iringa mjini kuna Neema Crafts, ilianzishwa 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Mafundi ni watu wenye ulemavu. Mgeni anapitishwa karakana, anamwona anayefuma, anamwona anayetengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, akienda kwenye mgahawa anahudumiwa na viziwi. Anaondoka na mkoba wake na sura ya aliyeutengeneza kichwani. Hiyo nayo imetoka kanisani. Kwa hiyo kanisa likitaka, linajua namna ya kufanya.

Jambo lingine ambalo watu wa mjini hamlioni: mabonde yenyewe. Yanageuzwa vinyungu, yaani bustani za bondeni, maana mahindi mabichi na mboga vinalipa upesi. Tunakwenda mbali zaidi kutafuta milulu. Tukijadili majina tujadili na hilo.

Mbao za Mafinga

Wanawake mnapenda kukuza mambo. Kikapu ni kikapu. Mtu auze apate hela ya ada, jina la nini? Mimi nauza mbao, nani amewahi kuniuliza paini hii kapanda nani?

Mlulu

Kaka wa mbao, gogo lako linagongwa nyundo ya misitu kabla halijapita kizuizini, na lisilo na alama linakamatwa na gari lake. Serikali inajua thamani ya alama. Tuachie na sisi tujue.

Ndaga Fijo

Mafinga kimya. Endeleeni.

Ummu wa Miyomboni

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, naona kwaya, kwaya, kwaya, kana kwamba Iringa haina misikiti. Miyomboni na Mshindo kuna akina mama na mabinti wa kaswida ambao wakipiga dufu wakati wa maulidi hata jirani Mkristo anazima redio asikilize.

Kwetu sisi maneno ndiyo mzigo. Sauti inaweza kuwa ya zamani, kila mtu anaijua, lakini beti mpya lazima zitungwe: za maulidi, za mahafali ya madrasa, za harusi, za kumuaga hujaji. Zina vina na mizani, na kina kikipotea ustadhati anakusimamisha mbele ya watoto. Na sisi tuna dawa ya ugonjwa wenu. Watunzi wa pwani tangu zamani huwa wanajitaja kwenye beti za tamati, mwisho kabisa, kwa unyenyekevu, mara nyingi akijiita mja dhaifu na kuomba dua. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake 1858 kwa ajili ya binti yake, nyumbani, mgonjwa. Jina lake tunalo mpaka leo. Hakuna aliyesema alijikweza. Kwenye kikundi chetu mwalimu aliyetulea alishikilia utaratibu huo, kaswida haiingii kwenye daftari bila beti ya mtunzi.

Ila niwaambie na upande wa pili. Wapo wenzetu hawataki kurekodiwa kabisa, hawataki sauti zao zisikike kwa wasiowajua, na ni uamuzi wao. Anaandika, anafundisha, wengine wanaimba. Huyo usimburute kwenye video kwa kisingizio cha kumpa haki. Muulize kwanza.

Na mmewasahau wachora hina. Wao kazi yao inadumu siku chache tu kwenye mikono ya bibi harusi, hata pa kusaini hakuna. Lakini mji mzima unajua nani wa kuitwa na nani wa kuepukwa.

Alto wa Forest

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hilo la beti ya tamati umenifunga mdomo. Sisi Wakristo tunaimba beti ya mwisho ya sifa tunakaa.

Mstaafu wa Tukuyu

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niongeze kidogo kwa sababu vyungu na sauti vimekaa uzi mmoja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye familia ya wafinyanzi. Alikuwa akizunguka kuuza vyungu, na akinadi kwa kuimba. Sauti hiyohiyo ya kuuzia vyungu ndiyo iliyokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Pale Fumba walikuwako bila shaka wanawake wengine wenye sauti na wenye vyungu. Huyu tunamjua kwa sababu kuna mashine iliyomnasa na kalamu iliyomwandika.

Huku kwetu mashine zilikuja, zikanasa kwaya. Kwenye miaka ya kanda za kaseti kila ushirika ulikuwa na albamu yake, picha ya mbele watu arobaini wamesimama kwenye ngazi za kanisa, sare za bluu. Ninazo kaseti nyingi sandukuni. Jina la mwanamke mmojammoja utalipata kwa nadra.

Wakili wa Sokomatola

Niweke upande wa sheria, kwa ufupi, maana naona watu wanahukumu bila kifungu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Kazi inalindwa tangu inapotungwa. Huhitaji kusajiliwa ndipo uwe mtunzi. Usajili COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, unakusaidia kwenye ushahidi. Haki ziko za aina mbili: ya kiuchumi, ambayo unaweza kuigawa au kuiuza, na ya kimaadili, na ndani yake imo haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi. Mama akisaini karatasi ya kuipa kwaya mapato, hajasaini kufutwa jina. Ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Mwalimu wa Sauti ya Nne naye ana haki yake: aliyepanga sauti kafanya kazi inayotambulika. Kutambua mmoja si kumnyima mwingine, sheria inajua watunzi wawili kwenye kazi moja.

Mchoro wa chungu au kikapu uliorithiwa na jamii nzima ni suala jingine. Sheria hiyohiyo ina sehemu ya sanaa za jadi, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ndiyo mamlaka ya kuruhusu matumizi ya kibiashara ya vitu vya namna hiyo nje ya mazingira yake ya mila. Ila ule mstari wa ngazi wa mwenzake Mlulu si wa jadi. Una mwenyewe.

Kijana wa Soweto

Mimi ni mtu wa studio, Mbeya. Narekodi kwaya tano sita kwa msimu, za madhehebu yote. Nitasema kinachotokea kabla ya jina kupotea.

Kwaya inakuja na bajeti ya kuungaunga, imetoka kwenye harambee ya uzinduzi ambayo bado haijafanyika. Wanawake ndio wengi, wanaume wanne watano, na anayekaa na mimi kwenye kompyuta ni mwenyekiti na mwalimu. Nikiuliza, mtunzi niandike nani? Wanatazamana. Mwalimu anasema, "Andika kwaya." Akina mama wako nje kwenye benchi wananyonyesha na kumenya machungwa. Mara moja moja nimetoka nje kuuliza mwenyewe. Mama anainama anacheka anasema, "Andika tu la mwalimu, mwanangu." Sasa hapo mimi nifanye nini?

Lakini msishike jina mkaacha nywila. Chaneli ya kwenye mtandao inafunguliwa kwa simu ya nani? Mara nyingi ni ya kijana mmoja wa kwaya anayejua mambo hayo. Anahamia Dodoma, anaoa, anapoteza laini, chaneli imekufa na nyimbo zote. Au haikufa, inaingiza, na kwaya haioni senti. Nimewashuhudia akina mama wenye wimbo unaochezwa kila harusi ya mji huu wakichangishana hela ya sare mpya.

Mzee wa Sauti ya Nne

Nimesoma yote, nimerudi. Ile bahasha imenikaa, sikatai.

Lakini nipeni jibu la hili. Nendeni msibani Rungwe. Bibi anaingia uani kwa marehemu, anaanza peke yake. Anamtaja marehemu, anataja aliyotenda, anataja waliomtangulia, sauti inapanda inashuka, na wanawake wanamwitikia kabla hajamaliza mstari. Hakuandika popote. Amelitunga lile jambo njiani akitembea, au hapo hapo mlangoni. Mwaka unaofuata kiitikio kile nakisikia kwenye kwaya, kimebadilishwa maneno, kinamsifu Bwana. Mtunzi ni nani? Bibi, waombolezaji, mama aliyekileta mazoezini, au mimi niliyekipa sauti nne? Wakili atasema wote. Kwenye video hapatoshi.

Ninachoweza kufanya kwenye kwaya yangu ni hiki. Sauti ikiletwa na mtu, katibu aandike kwenye daftari siku ileile: imeletwa na fulani, tarehe fulani, imepangwa na fulani. Zile zilizozaliwa mazoezini, watu watano wanadakiana, zibaki za kwaya. Na uamuzi upitishwe kwenye mkutano, uwe kwenye muhtasari, asije mtu baadaye akaniambia nimependelea sauti ya kwanza. Mapato ni mkutano mwingine, leo msiniulize.

Ummu wa Miyomboni

Mwalimu, daftari hilo ndilo letu. Karibu Miyomboni ukaone, ila uvue viatu.

Mlulu

Mwenye kujua aniambie kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ilisimamishwa 2023, tukasikia imerudi 2024. Kikundi chetu kinataka sufuria kubwa za rangi na banda la kuanikia. Wenzetu wawili wameshaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na sasa wanasuka usiku kulipa riba, vikapu vyao vimeanza kulegea.

Wakili wa Sokomatola

Imerudi, dada. Mgawo ni uleule: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtatakiwa kuwa kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki ya kikundi, na andiko la mradi. Kwenye andiko msiandike "kusaidia wanawake", andikeni vikapu vingapi kwa mwezi, vinauzwa wapi, kwa bei gani. Na mstari wa ngazi uwekwe picha, pamoja na jina la aliyeubuni.

Alto wa Forest

Mwalimu, nitakushika kwenye daftari. Jumatano mazoezini kwetu nakuja nalo, nitalinunua mimi, la kurasa mia mbili.

Kijana wa Soweto, hilo la benchi nje limeniuma kuliko yote. Akija tena mama wa "andika la mwalimu", usimuulize mbele ya mwalimu. Muulize mnapokula. Mtu aliyelelewa kuambiwa anyamaze kanisani hatajitaja kwa sababu umemtolea kipaza sauti. Sisi wenyewe ndani ya kwaya tunapaswa kumtaja, tumzoeze kusikia jina lake likiitwa kwa wimbo kama linavyoitwa kwa zamu ya kufagia.

Mbao za Mafinga

Nimerudi. Mke wangu kasoma hapa, kumbe ile ya kiitikio cha Krismasi mwaka juzi ni yeye. Naishi na mtu sijui. Endeleeni.

Ndaga Fijo

Hahaha. Uzi ufungwe, Mafinga ameokoka.

Binti wa Lyulilo

Usifungwe, nina ujumbe. Nimempigia mama, nikamsomea tangu juu. Amecheka sana kwa Mzee wa Sauti ya Nne na kwa Mafinga.

Jina kwenye chungu amekataa. Anasema ukichora herufi kwenye udongo mbichi unaharibu mng'aro, na mteja wa Ipinda anayetaka chungu cha maharage hataki kusoma. Kwenye wimbo anataka, tena sana, maana kuna mmoja unapigwa redioni na aliyeutunga ni dada yake.

Kwenye vyungu anachotaka ni gari. Vinavunjika njiani kwa sababu vinarundikwa juu ya magunia ya mchele, na kila kinachovunjika hasara ni ya aliyefinyanga. Anauliza kama humu yuko mwenye Fuso au Canter inayotoka Matema kwenda Mbeya Jumapili au Jumatatu, dereva wake awe mtu wa kuviwekea nyasi za kutosha chini na katikati. Nauli watalipa wakiwa kikundi. Mwenye nalo aniandikie faragha nimpe namba ya kaka yangu, mama simu yake haishiki mtandao akiwa Ikombe.